Nani Ana Haki ya Kumwambia Mkulima Abaki?

Tunaposema kwamba mandhari iliyojengwa na wakulima wa jadi ihifadhiwe, kuna mtu tunayemtaka aamke alfajiri akaifanyie kazi. Mara nyingi mtu huyo si sisi. Katika insha hii nauliza kama tuna haki ya kumtaka afanye hivyo, na kwa masharti gani.

Mfano wangu ni kihamba cha Wachaga kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kihamba ni shamba linalozunguka nyumba. Juu kuna miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, kisha mibuni, na karibu na ardhi magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe hufugwa zizini, hulishwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yao hurudi shambani. Maji huletwa na mifereji ya asili iliyochimbwa na koo na kusafishwa kwa kazi ya pamoja. Wafu wa ukoo huzikwa humohumo. Mwaka 2011, kupitia eneo la Shimbwe Juu, FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, liliutambua mfumo huu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia.

Hoja ya wahifadhi ina nguvu. Shamba la namna hii hushika udongo mteremkoni na limebeba maarifa ambayo hayarudi kwa msimu mmoja yakishapotea. Kwa hiyo wako wanaosema kwamba mwenye kihamba ametunzishwa amana: alikirithi, naye hana budi kukirithisha.

Naikubali hoja ya amana. Lakini amana hii imezidi kuwa nzito. Vihamba vimegawanywa kati ya wana, kizazi baada ya kizazi, hadi vingine havitoshi kulisha nyumba moja. Bei ya kahawa hupanda na kushuka bila kumuuliza mkulima. Kijana anayeondoka kwenda Moshi mjini au Dar es Salaam hawadharau babu zake. Anatafuta ada ya watoto. Ni rahisi kwa mgeni kumlaumu, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, alazimishwe? Historia ya Tanzania imekwisha jibu. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko. Lengo lenyewe halikuwa baya, lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na mwaka 1955 watu waliinuka kuipinga. Mifereji ya Wachaga nayo ilidai jasho, na asiyefika kazini alitozwa faini. Tofauti ni kwamba sheria hiyo ilitungwa na watumiaji wa maji wenyewe.

Kuna swali gumu zaidi. Kwa desturi, kihamba kilirithiwa na wana wa kiume. Tukisema tuhifadhi utamaduni wote jinsi ulivyo, tunahifadhi pia kunyimwa kwa mabinti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha desturi inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Sioni kwamba sheria hiyo inaua kihamba. Mgomba haujui jinsia ya anayeutilia samadi, na binti anayetaka kubaki na kulima ni mrithi bora kuliko kaka aliyefunga nyumba na kurudi Krismasi tu.

Mtu atasema: ukingoja ridhaa ya kila mmoja, mandhari itakufa. Huenda. Ndiyo maana anayefaidika lazima achangie. Watalii wanaokwenda kupanda Kilimanjaro kwa njia za Marangu na Machame hupita kati ya vihamba kabla ya kufika langoni. Ikiwa uzuri huo ni sehemu ya safari yao, ni haki sehemu ya malipo yao iwafikie wanaoutunza. Nasi wasomi tunaosifu maarifa ya jadi tuyafundishe kama elimu kamili, ili kijana asilazimike kuchagua kati ya jembe na heshima.

Jibu langu basi ni hili: tunaweza kumwomba mkulima abaki, ikiwa tuko tayari kubeba sehemu ya mzigo wake na kukubali kwamba anaweza kukataa.