Mafanikio ya Mwimbaji: Kati ya Samba na Karama

Swali la chanzo cha mafanikio ya mwimbaji, yaani ni nini kinachowafanya watu wampite mmoja na kumkimbilia mwingine ilhali wote wawili wana sauti nzuri na wamefundwa vyema, mara nyingi huchukuliwa kuwa swali la soko au la bahati, lakini katika Usukuma ya mashariki limekuwa swali la kidini tangu zamani. Kuanzia Nassa kando ya Ghuba ya Speke, kupitia Mkula, hadi Bariadi iliyo makao makuu ya mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo uanzishwe mwaka 2012, majibu mawili yameishi jirani kwa zaidi ya karne moja: la kwanza linasema mwimbaji hupendwa kwa sababu ana dawa, na la pili linasema hupendwa kwa sababu Mungu amempa karama. Wenye majibu haya wamezoea kutazamana kama maadui. Hata hivyo pana mahali ambapo wanakubaliana bila kujua, na pana mahali ambapo yule anayejidhani yuko upande wa pili amekwisha kuhamia upande wa kwanza.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo mapokeo huvihusisha na waganga wawili washindani wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, makundi ya pande hizo hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kundi mahali pake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kiongozi wa uimbaji, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi na ambaye ndiye mtunzi wa nyimbo za kundi lake, huimba huku akiiona hukumu yake ikitembea kwa miguu. Mtazamaji mmoja hugeuza shingo kwa kuwa amesikia kicheko upande wa pili, wawili humfuata, na muda si mrefu ukuta wa watu uliokuwa umesimama mbele ya wachezaji huwa na pengo ambalo ningi hawezi kulikemea. Analoweza ni kulijaza kwa wimbo mpya, kwa mzaha, kwa nyoka aliyefugwa, au kwa sanamu iliyofichwa makusudi kwa ajili ya saa hiyo. Hapa ndipo inapoingia samba, yaani dawa ya mvuto ambayo mganga wa upande husika humpa kiongozi na wachezaji wake ili nyuso za watu ziwaelekee wao.

Ni rahisi kuiita samba ushirikina na kuishia hapo, lakini kufanya hivyo ni kupuuza hoja nzito iliyomo ndani yake. Anayetafuta samba amekiri kwamba ustadi wake, hata ukikamilika, haumiliki moyo wa msikilizaji. Amefanya mazoezi usiku na mchana, ametunga, amewapanga wapiga ngoma wake, na bado anajua kwamba kati ya wimbo uliokamilika na sikio linaloupokea pana nafasi ambayo juhudi haiivuki. Ukiri huo ni wa kweli, na mtu yeyote anayeamini kwamba mafanikio ni malipo ya bidii peke yake hajaufikia ukweli huo. Kosa la samba linakuja hatua moja mbele, pale inapodai kwamba nafasi hiyo inaweza kununuliwa.

Ukristo ulipofika pande hizi haukuichambua hoja hiyo, bali uliikata pamoja na ngoma iliyoibeba. Kituo cha misheni cha Nassa kilifunguliwa na Waanglikana wa Church Missionary Society mwaka 1888, kikachukuliwa na Africa Inland Mission mwaka 1909, na kutokana na kazi hiyo likatokea kanisa linaloitwa leo Africa Inland Church Tanzania, ambalo ndilo lenye hospitali ya Mkula. Waongofu walitakiwa kuacha ngoma, pombe na hirizi kwa pamoja, kana kwamba vitu hivyo vitatu vilikuwa kitu kimoja. Wakatoliki wa Bujora, karibu na Mwanza, walichukua njia nyingine: kuanzia miaka ya 1950 Padre David Clement aliingiza ngoma za Kisukuma katika ibada, na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ikazaa Bulabo, tamasha ambalo Bagika na Bagalu hushindana ndani yake mpaka leo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Bujora iliona jambo ambalo Nassa haikuliona, kwamba ngoma na dawa ni vitu viwili, na kwamba kukataa kimoja hakulazimishi kukikataa kingine.

Kukata huko si kwa Afrika peke yake. Kusini mwa Marekani, fidla, yaani kile chombo cha nyuzi nne kinachopigwa kwa uta, iliitwa na Wakristo wengi wenye msimamo mkali kisanduku cha shetani, kwa sababu ilipigwa kwenye dansi zilizokuwa na pombe na ugomvi. Chombo hichohicho kikawa nguzo ya blugrasi, muziki wa gitaa, banjo, mandolini na fidla ambao Bill Monroe wa Kentucky na bendi yake waliuunda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, na ambao tangu mwanzo ulibeba nyimbo za injili pamoja na nyimbo za mapenzi na za mauti. Alison Krauss, aliyezaliwa mwaka 1971 katika jimbo la Illinois, aliingia katika muziki huo kupitia mashindano ya fidla akiwa bado mtoto, akatoa albamu yake ya kwanza mwaka 1987, na kwa sauti yake nyororo na uta wake akajipatia tuzo 27 za Grammy. Hakuna dhehebu linaloweza kudai leo kwamba shetani ndiye mwenye kisanduku kile.

Tanzania nayo ina mfano wake, na kwa swali hili ni mfano mzito zaidi. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki tarehe 30 Desemba 2003, alikuwa mwimbaji na mpigaji wa zeze, chombo ambacho mwili wake ni kibuyu kilichowambwa ngozi na ambacho nyuzi zake husuguliwa kwa uta, pamoja na ilimba yenye vijiti vya chuma. Aliingia katika kazi ya muziki ya taifa katika zama za Mwalimu Nyerere, akawa miongoni mwa nguzo za Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kisha akazunguka dunia na matamasha ya WOMAD na kurekodi kwa kampuni ya Real World iliyoanzishwa na Peter Gabriel, ambako albamu ya Chibite ilitoka mwaka 1996. Muziki wa Kigogo hujengwa juu ya sauti zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotetemeka, zile ambazo sikio lisilozoea huzisikia kama mvumo tu, na Zawose aliimba akizifuata, akipanda kutoka besi nzito hadi juu kabisa. Wasikilizaji wa Ulaya hawakuelewa hata neno moja la Kigogo. Kama mvuto ungekuwa dawa inayofanya kazi juu ya watu wa uwanja mmoja, hapangekuwa na maelezo ya kilichotokea kule; na kama ungekuwa bidii tupu, wapigaji zeze waliofanya mazoezi miaka mingi kama yeye na kubaki bila kujulikana wangekuwa wametendewa dhuluma. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo wake, Pendo na Leah, wakiitwa The Zawose Queens, walitoa albamu yao ya Maisha kwa kampuni ileile. Walirithi vyombo, nyimbo na jina, lakini wasikilizaji iliwabidi wawatafute upya.

Neno ambalo Wakristo hulitumia kueleza jambo hili ni karama, yaani kipawa kinachotolewa bure na Mungu kwa faida ya wengine. Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli anajazwa roho ya Mungu ili ajue kazi za mikono, jambo linaloonyesha kwamba ustadi wenyewe ni sehemu ya karama, haushindani nayo. Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, alihangaika kwa sababu wakati mwingine sauti ilimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, na Imamu Al-Ghazali, alipojadili usikilizaji wa nyimbo, alifundisha kwamba muziki huchochea kile kilichokwisha kuwamo moyoni. Wote wawili wanaikataa dhana ya kwamba mwimbaji ndiye mwenye mamlaka juu ya kinachotokea ndani ya msikilizaji. Kwa hili, mwanatheolojia na mganga wa Bagalu wangeelewana.

Wanatengana mahali pengine. Karama haina masharti yanayomfunga Mungu, wakati samba ni mapatano: toa hiki, upate kile. Kwa hiyo mwimbaji wa injili anayefunga siku tatu ili wimbo wake utazamwe na watu wengi, au anayetoa sadaka kubwa ili tamasha lijae, kisha akahesabu waliohudhuria kama uthibitisho kwamba Mungu yuko naye, amerudi kwenye samba ingawa analitaja jina la Yesu. Kitabu cha Samweli wa Kwanza kinaivunja dhana hiyo kwa ukali. Daudi anasifiwa kwa kujua kupiga kinubi na kwa kuwa Bwana yu pamoja naye. Anampigia Sauli, na Sauli anapata nafuu. Baadaye anampigia tena, kwa mkono uleule, naye Mungu bado yu pamoja naye, na Sauli anamrushia mkuki.

Jaribio halisi la mafundisho yoyote juu ya mafanikio ni kile yanachomwambia aliyeshindwa. Samba humwambia ningi aliyekimbiwa na watu kwamba dawa yake imezidiwa au kwamba yupo aliyemharibia, na katika eneo ambalo tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya wanawake wazee wengi, jibu hilo halipaswi kuchukuliwa kijuujuu. Mahubiri ya mafanikio humwambia mwanakwaya kwamba imani yake ni haba au kwamba ana dhambi iliyofichika. Kote kuwili lazima apatikane mkosaji. Hospitali ya Mkula imewafundisha watu kwa miaka mingi kwamba homa ya mtoto inaweza kuletwa na mbu bila jirani yeyote kuhusika, na mafundisho ya namna hiyo bado hayajafika kwenye uwanja wa ngoma wala kwenye mazoezi ya kwaya. Kama karama ni zawadi kweli, basi kuna mwimbaji mwema, mwenye bidii na mcha Mungu, ambaye watu watampita mwaka huu na pengine miaka yote, na kanisa linawajibika kumwambia hilo waziwazi, mbele ya kwaya nzima, kabla hajaanza kumtafuta aliyemroga au dhambi asiyoitenda.