Maji Yaliyo Chini ya Zulia



Katika kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, mstari wa 18, twasoma habari za nyumba ambayo paa lake limeinama, nayo yavuja, kwa kuwa mwenyewe amelegea mikono. Mhubiri hakusema kwamba mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa kupita nyingine. Hakuilaumu mvua hata kidogo. Neno hilo twataka kulitafakari pamoja nanyi mkaao Mbagala na Tandika, Tegeta na Bunju, na pande zote za nje za mji wa Dar es Salaam. Maana masika yakaribia, na wengi wenu siku hizi mna magari, au mwapanda magari ya wenzenu kuja ibadani.

Wenzetu waliohamia nchi za baridi wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Huko theluji hulala juu ya gari usiku kucha. Asubuhi mtu alifungua buti apate kutia kapu lake, na ile theluji iliyo juu huteleza na kumwagikia ndani. Kwanza ni kavu kama unga, haionekani kuwa na madhara. Gari likipata moto, unga ule hugeuka maji, nayo hushuka chini ya zulia. Kwa hiyo mwenye akili huchukua brashi akafagia paa na mfuniko kwanza, ndipo afunguapo.

Sisi theluji twaiona kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona mwezi wa Mei mwaka 1848, akaandika habari zake. Lakini wako wataalamu wa Ulaya waliokataa katakata. Walisema, nchi iliyo karibu na ikweta haiwezi kuwa na theluji. Ilipita miaka zaidi ya kumi kabla ya safari za Baron von der Decken kulithibitisha neno lake. Tusiwacheke wataalamu wale. Nasi twasema vivyo hivyo: buti limefungwa kwa ufunguo, maji yatatoka wapi?

Yatoka mahali padogo. Buti lina mpira uuzungukao mlango wake, na mpira huo ukipigwa na jua letu miaka mingi hukauka na kupasuka. Kando ya mpira uko mfereji mwembamba wa kupitisha maji. Majani ya mwembe na vumbi vikiujaza, maji hupanda na kuingia ndani. Taa za nyuma nazo zina mipira yake. Tena magari yetu mengi yalitumika kwanza Japani, na upande wa kaskazini wa nchi ile, kama Hokkaido, theluji ni nyingi, na barabara hutiwa chumvi ili iyeyuke. Chumvi hula chuma kwa chini. Gari laweza kufika bandarini kwetu liking'aa rangi, kumbe limebeba kutu ya baridi ambayo mnunuzi wake hajaionja maishani.

Maji yakiisha kuingia hayakai juu yakaonekana. Huteremka mpaka kwenye shimo la gurudumu la akiba, mahali palipo chini kuliko pote, yakatulia humo. Zulia juu ni kavu. Mwenye gari husikia harufu ya ukungu, naye aenda dukani kununua manukato, ayatundike mbele karibu na kioo. Twaona manukato mengi ya namna hiyo, wala si katika magari tu.

Mzee mmoja wa kanisa, pande za Temeke, aliamshwa usiku wa manane ampeleke hospitali mke wa jirani aliyeshikwa na uchungu. Njiani gurudumu likatoboka. Mzee akainua zulia la buti, akaona maji yamefika nusu ya gurudumu la akiba. Na jeki, alipoishika, haikuzunguka kwa kutu. Mama yule alifika kwa bajaji, na mtoto akazaliwa salama, ashukuriwe Mungu. Lakini fikirini, ndugu: maji yale hayakuharibu kiti akaliacho mzee kila siku, wala usukani. Yaliharibu kile tu kilichowekwa kwa ajili ya saa ya shida. Wale wanawali watano wa Mathayo 25 nao hawakuonekana wapumbavu mchana. Taa zao zilikuwa nzuri kama za wenzao, hata ilipofika saa sita ya usiku.

Hapa twaweka neno moja kando. Aliyeingiliwa na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wengi katika mji huu na kuwahamisha wakazi wa bonde la Msimbazi mpaka Mabwepande, tusimhubirie habari za mikono iliyolegea. Mafuriko ni jambo jingine, na aliyefikwa nayo adai kwetu chakula na mahali pa kulala, si mahubiri. Sisi twanena juu ya tone liingialo kila mvua, ambalo mwenyewe angeweza kulizuia.

Na alizuieje? Fundi mwenye haraka hupaka gundi pande zote na kusema kazi imekwisha. Fundi mwema hutafuta kwanza. Huweka kipande cha karatasi penye mpira, hufunga mlango, kisha huivuta. Ikitoka bila kushikwa, mpira pale umechoka. Tena hufanya hivi: mmoja huingia ndani kwa nyuma, viti vikiwa vimelazwa, na tochi mkononi, mwingine asimama nje akimwaga maji polepole, akianzia chini na kupanda juu. Yule aliye gizani ndiye aonaye tone likizaliwa. (Asifungiwe mtoto humo, hata kwa mchezo, hewa ni chache.) Mwenye kumwaga maji nje hawezi kuona kitu, hata gari likiwa lake na amelilipia fedha zake zote.

Ndiyo maana ndugu Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, awataka Wakristo waungamiane dhambi zao na kuombeana. Katekisimo Ndogo ya Luther nayo ina sehemu yake ya maungamo: mbele za Mungu twakiri yote, hata tusiyoyajua, mbele ya mchungaji twasema yale tuyajuayo na yanayotuchoma moyoni. Wengi wetu twaikariri sehemu hiyo siku za kipaimara, kisha hatuitumii tena. Twajichunguza peke yetu, tukizunguka nje ya gari, na kila mara twaliona kavu. Mtunga Zaburi ya 32 alinyamaza hivyo, mifupa yake ikachakaa. Nafuu ilimjia siku aliyofumbua kinywa.

Nanyi walimu na wazee, mkiitwa kushika tochi, mliloliona gizani msilitangaze mlangoni pa kanisa. Mwonyesheni mwenyewe mahali penye tone, kisha kaeni naye mpaka kazi iishe, maana ipo kazi baada ya kuona. Chini ya shimo la gurudumu magari mengi yana kizibo cha mpira. King'olewe, maji yatoke, kutu isuguliwe na kupakwa rangi, jeki itiwe mafuta, kizibo kirudishwe mahali pake. Zulia litolewe lote lianikwe. Wengi hulirudisha likiwa bado bichi kwa chini, kwa kuwa juu limekauka, na harufu yaanza upya.

Masika huanza mwezi wa Machi. Kabla ya hapo ziko Jumamosi chache za jua, na zulia nene lahitaji jua la siku mbili.