Deni la Siri

Polisi anayemlipa mtoa habari ananunua nini hasa? Jibu la haraka ni ukweli. Lakini mnunuzi naye hubaki na deni: lazima amfiche muuzaji. Kadiri taarifa zinavyozidi kuwa nono ndivyo deni linavyokua, hadi anayelindwa na anayestahili kukamatwa wawe mtu mmoja.

Mjini Boston, Marekani, hali hiyo ilitokea mara mbili. Mwaka 1968 watu wanne walitiwa hatiani kwa mauaji wasiyoyafanya. Shahidi mkuu alikuwa Joseph Barboza, muuaji wa kukodiwa aliyekuwa akishirikiana na FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Wapelelezi walikuwa na taarifa zilizoonyesha kwamba anadanganya, wakanyamaza. Wawili kati ya wafungwa hao walifia gerezani. Mwaka 2007 Jaji Nancy Gertner aliamuru serikali ilipe zaidi ya dola milioni 101.

Kisha James Bulger, kiongozi wa genge la wahalifu. FBI ilimwandikisha mwaka 1975, na ofisa aliyemsimamia, John Connolly, alikulia South Boston kama yeye. Bulger alitakiwa kuwachongea Mafia, yaani mahasimu wake mwenyewe, kwa hiyo kila alichokisema kilimsafishia njia. Mwishoni mwa 1994 Connolly, akiwa ameshastaafu, alimtonya kwamba mashtaka yanakuja. Bulger akatoroka, akakamatwa California mwaka 2011, na mahakama ikathibitisha kwamba alihusika katika mauaji 11, kadhaa kati ya hayo yakiwa ya miaka aliyokuwa msiri wa FBI. Connolly naye alifungwa.

Fedha ndiyo sehemu nyepesi ya ujira huu. Kiasi huandikwa, mpokeaji hutia saini. Malipo mazito ni kufumbiwa macho, na hayo hayana risiti.

Ni kweli kwamba magenge mengi hayavunjiki bila mtu wa ndani kusema. Anayekataa wasiri wote hajakaa mtaa unaotawaliwa na wahuni. Ila hoja hiyo inahalalisha kusikiliza, haihalalishi kunyamaza.

Mwaka 2001 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikaza kanuni: kosa la msiri lipate idhini ya maandishi, na ukatili usiruhusiwe kamwe. Hatua njema, lakini karatasi hiyo bado inabaki ndani ya ofisi, wakati aliyeumizwa hajui kwamba aliyemuumiza alikuwa na kinga. Yeye ndiye anayedai kwanza. Serikali ilimwahidi ulinzi kabla ya kumwahidi msiri chochote, na ahadi mbili zinapogongana, ya kuvunjwa ni ile iliyotolewa gizani.