Kazi Isiyoonekana

Je, jambo ambalo hakuna mtu atakayeliona linastahili kufanywa vizuri? Swali hili linaweza kuonekana dogo, lakini sehemu kubwa ya maisha yetu ya imani imejengwa juu ya jibu lake. Ili tulifikiri vizuri, tuanze na kazi moja ya mikono ambayo wengi wetu hapa Masasi na Newala hatujaizoea: kazi ya kutengeneza ndege ndogo za mfano.

Katika nchi nyingi wapo watu wazima wanaonunua sanduku la vipande vya plastiki na kuviunganisha mpaka wapate ndege iliyopunguzwa kwa kipimo kamili, mara 48 au mara 72. Kwa kipimo cha mara 72, rubani mwenye urefu wa sentimita 180 anabaki na sentimita 2.5. Mita zilizo mbele yake, ambazo katika ndege nyingi zina upana wa karibu sentimita 8, zinabaki na upana wa milimita moja na kidogo.

Mara nyingi chumba cha rubani kinachotoka ndani ya sanduku ni kiti kitupu na ubao usio na kitu. Mafundi wenye bidii hawaridhiki nacho. Wanakata mikanda ya kiti kutoka kwenye bati jembamba. Wanachomoa uzi wa shaba katika waya wa umeme na kuukata vipande viwe swichi. Wanapasha kijiti cha plastiki juu ya mshumaa na kukivuta mpaka kiwe chembamba kama unywele, ndipo wanapata vishikio vya rubani. Wanachapa sura za mita kwenye karatasi, na juu ya kila moja wanadondosha tone la vanishi liwe kioo chake. Kazi hiyo huchukua jioni nyingi. Kisha wanaunganisha pande mbili za kiwiliwili cha ndege kwa gundi, wanabandika kioo cha juu, na sehemu kubwa ya waliyoyafanya haionekani tena.

Tusicheke haraka. Watoto wetu nao hutengeneza magari na ndege kwa mabua, waya na makopo, na magurudumu kwa kandambili zilizochakaa. Tena tunao wachongaji wa Kimakonde, wanaojulikana duniani kwa vinyago vya ujamaa, ambavyo watu wengi waliobebana huchongwa katika gogo moja la mpingo. Katikati ya gogo hilo huwa kuna migongo na viganja ambavyo mnunuzi hataviona asipomulika kwa tochi. Wapo wachongaji wanaovisugua vya ndani kama vya nje. Wapo pia wanaochukua mti mweupe, wakaupaka rangi ya viatu, wakauuza kwa jina la mpingo. Vinyago vya watu hawa wawili vikiwekwa pamoja, jicho lisilozoea halioni tofauti.

Jibu la kwanza linalotujia sisi Wakristo ni kwamba Mungu anaona. Jibu hili ni kweli. Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 6, anasema juu ya Baba aonaye sirini. Lakini tuangalie tunavyolitumia. Mara nyingi tunamfanya Mungu kuwa kama mkaguzi anayepita bila taarifa, na sisi kama vibarua tunaoshika jembe kwa nguvu tunaposikia nyayo zake. Anayefanya vizuri sirini kwa hofu ya mkaguzi bado anafanya kwa ajili ya kuonekana. Amebadilisha mtazamaji tu. Na katika sura hiyohiyo Bwana anatuonya tusifanye wema wetu ili tutazamwe.

Yapo pia mapingamizi, na hatuna budi kuyasikiliza. Juu ya uwanda wetu wa Makonde maji yamekuwa shida kwa vizazi vingi. Mama anayeamka usiku kwenda kuteka maji akisikia kwamba mtu amemaliza mwezi mzima akitengeneza mkanda wa kiti cha ndege ya kuchezea, ana haki ya kuuliza: je, hakuna kazi nyingine? Kule Bethania waliokuwa mezani waliuliza swali la namna hiyo mwanamke alipomimina marhamu ya thamani kichwani pa Yesu. Walisema ni upotevu, na kwamba maskini wangeweza kusaidiwa. Yesu alimtetea mwanamke, lakini hakusema kuwa maskini si kitu. Alisema kuwa wapo siku zote, nasi twaweza kuwatendea mema tupendapo. Kwa hiyo mwanamke alitetewa, na wajibu kwa maskini ukabaki palepale.

Basi tutenganishe kazi zisizoonekana katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni zile ambazo mtu mwingine anaziegemea bila kuziona. Msimu wa korosho unapofika tunapeleka magunia ghalani kwa chama cha msingi. Karani huchota kiasi cha kupimia, na kwa kiasi hicho korosho hupewa daraja na kwenda mnadani. Katikati ya gunia panabaki na aliyelijaza. Tumesikia zaidi ya mara moja habari za magunia yaliyokutwa na kokoto au mchanga, na tunajua kwamba aibu hiyo haimwangukii aliyeweka kokoto peke yake. Inashusha jina la korosho za mkoa mzima, na mjane aliyeanika korosho zake vizuri analipwa kwa sifa ya jirani yake. Ndivyo ilivyo kwa saruji iliyopunguzwa katika ukuta wa darasa, na kwa ribiti moja ndani ya bawa la ndege ya kweli, ambayo abiria hataiona maishani mwake ila ameikabidhi uhai wake. Hapa hatuzungumzi juu ya ustadi, tunazungumza juu ya haki. Mithali 11 inaiita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana, na gunia lenye kokoto ni mizani ya hadaa iliyoshonwa mdomo.

Fungu la pili ni zile ambazo hakuna anayezitegemea. Swichi ya shaba katika ndege ya mfano ikikosekana, hakuna atakayeumia. Mgongo wa ndani wa kinyago usiposuguliwa, hakuna atakayelala njaa. Hizi si deni. Ni zawadi, na zawadi ina masharti yake. La kwanza ni kwamba isitolewe kwa sehemu ya mtu mwingine. Mafarisayo walitoa zaka mpaka za mnanaa na bizari, wakaacha adili, rehema na imani. Bwana hakuwakataza kutoa zaka ya vitu vidogo. Alitaka wasiyaache yale makubwa. Anayetengeneza mita ya milimita moja kwa uangalifu huku watoto wake hawana daftari, ameichukua saa hiyo mfukoni mwa watoto wake.

Lakini anayeyatimiza makubwa na bado akabakiwa na jioni yake, je, kazi yake ya siri ni upuuzi? Hatufikiri hivyo. Hekalu la Sulemani lilikuwa na chumba cha ndani, urefu dhiraa 20, upana dhiraa 20, kimo dhiraa 20, na chote kilifunikwa dhahabu. Kuhani mkuu aliingia humo mara moja kwa mwaka, katika moshi wa uvumba. Mafundi waliosawazisha dhahabu ile walijua kwamba siku Hekalu litakapowekwa wakfu wao wenyewe hawataruhusiwa kuitazama tena. Hawakuifanya kwa ajili ya macho. Waliifanya iwe kweli, yaani ndani kuwe sawa na nje.

Na hapa tunafikia jibu lililo bora kuliko la mkaguzi. Mungu haangalii tu kazi yetu ya sirini. Yeye mwenyewe hufanya kazi sirini. Mpingo hukua polepole, kwa miongo mingi. Kwa nje ni mti wa kijivu wenye miiba, na chini ya gome kuna utando wa mti mweupe. Weusi ule tunaousifu upo moyoni mwa mti, gizani, miaka mingi kabla shoka halijaufikia. Mipingo mingi imeota, imezeeka na kuanguka bila kukatwa, na moyo wake ulikuwa mweusi vilevile. Muumba hakungoja mtazamaji. Anayefanya vizuri pasipoonekana hajifichi na jicho la Mungu wala hajionyeshi kwake, bali anafanya kazi kwa namna ambayo Mungu hufanya.

Tusidai zaidi ya hapo. Mtu anaweza kuwa mwangalifu wa kutisha katika vitu vidogo na bado akawa mgumu kwa jirani. Luka 16 inatufundisha kuwa mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa. Lakini uaminifu ni zaidi ya mikono isiyotetemeka. Mikono hufundishwa, moyo huombewa.

Kwa hiyo kila mmoja wetu na ajiulize katikati ya gunia lake ni wapi. Kwa mtunza hazina wa jumuiya ni kurasa za daftari ambazo wanajumuiya hawaombi kuzisoma. Kwa mwalimu ni kipindi cha mwisho Ijumaa mchana. Kwa muuguzi ni zamu ya saa nane usiku, mgonjwa asiye na ndugu. Na kwa wakulima ni gunia lenyewe, Oktoba hii, kabla ya kulishona.