Barabara na Kilima

Mvua ni neema mpaka izidi kiasi. Ikizidi huwa mtihani. Hupima ardhi, hupima majengo, na zaidi ya hayo hupima watu waliopewa dhamana ya kutawala. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, mvua kubwa ilinyesha katika milima ya Pokot Magharibi. Ardhi iliporomoka huko Nyarkulian, Parua na vijiji vingine, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Barabara zilizibwa na madaraja yakachukuliwa na maji, hata waliokwenda kuokoa wakakwama njiani. Msiba wa namna hii huzaa swali ambalo si la mafundi peke yao: serikali ya kaunti, yenye fedha chache na mikono michache, itengeneze nini kwanza, barabara au kilima?

Wengi watajibu upesi kwamba ni barabara, na jibu lao lina haki. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja mti ukue. Majeruhi ahitaji hospitali leo, mwenye njaa ahitaji unga leo, na wote wawili hutegemea njia iliyo wazi. Tingatinga likiondoa kifusi, na daraja la muda likiwekwa, hilo ni jema. Sheria nayo haikulisahau jambo hili: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 huruhusu kaunti kuweka mfuko wa dharura, ili msaada usingojee bajeti ya mwaka ujao.

Lakini kilima hakiporomoki bila ya sababu. Maji ya mvua hupenya udongo, huuongezea uzito na kulegeza mshikamano wake. Mizizi iliyoushika ikiwa imeng'olewa, na barabara ikiwa imechimbwa chini ya mteremko, kilima huwa kama mzee aliyenyang'anywa mkongojo. Kifusi kikiondolewa leo, mvua ijayo italeta kingine, kwa kuwa kilikotoka hakukutibiwa. Tena kifusi kinachosukumwa ovyo ukingoni huweza kufukia shamba la mtu wa chini au kuziba kijito, na matengenezo yenyewe yakawa mwanzo wa msiba mwingine.

Hapa ndipo swali la ufundi linapogeuka kuwa swali la wema na ubaya. Kazi ya barabara huonekana na kusifiwa siku hiyo hiyo. Kazi ya kilima ni mitaro, kalvati zisizoziba, kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya, matuta, nyasi na miti. Haina shangwe, na ikifaulu, matunda yake ni kwamba hapakutokea neno. Nani humshukuru mtu kwa msiba ambao haukutokea? Kwa hiyo kiongozi hushawishika kuidhani nusu ya kazi kuwa ndiyo kazi nzima.

Kwa maoni yangu, kosa haliko katika kuanza na barabara. Liko katika kuishia hapo. Dharura humpa mtawala ruhusa ya kuharakisha, lakini haimpi ruhusa ya kusahau. Kila tengenezo la muda ni ahadi. Mvua ikikatika, ahadi hiyo huwa deni, na deni lisipolipwa na mwenye kuahidi, hulipwa kwa uhai na mpita njia asiyejua lolote. Wala serikali ya kaunti haiwezi kusema kwamba kilima si chake. Katiba ya mwaka 2010 iliipa barabara za kaunti, na pia kazi ya kutekeleza sera za kuhifadhi udongo na maji.

Wengine watasema kwamba lawama ni ya wakulima wanaolima miteremko mikali. Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Mtu halimi penye hatari kwa kuipenda hatari. Hulima penye shamba lake. Je, alazimishwe au ashirikishwe? Historia yetu ina funzo. Mwaka 1947, chini ya utawala wa kikoloni, watu wa Murang'a walikataa kazi ya lazima ya kuchimba matuta, ingawa matuta ni kinga nzuri ya udongo. Lakini huko Ukambani, matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, yalienea kwa bidii ya wakulima waliojiunga katika vikundi vya mwethya na kuiona faida mashambani mwao. Jembe ni lile lile. Tofauti ilikuwa katika heshima aliyopewa mwenye kulishika.

Enyi vijana, baadhi yenu mtakuwa wahandisi, wengine wawakilishi wa wadi, na wengi zaidi mtakuwa wapiga kura na wenye mashamba. Siku barabara ya kwenu itakapofunguliwa baada ya gharika, furahini na washukuruni walioifungua. Kisha inueni macho mkitazame kilima kilicho juu yake, na muulize kitatengenezwa lini. Ulizeni wakati jua linawaka, kwa maana mvua ikianza tena, wakati wa kuuliza utakuwa umepita.