Mpaka Wenye Lango

Je, mtu mwema anaruhusiwa kusema "basi"? Swali hili nimelisikia kwa namna nyingi kutoka kwa watu wa rika langu, sisi tuliostaafu tukarudi kukaa karibu na ndugu. Mwaka una maombi yake kama ulivyo na mvua zake. Januari huja mahitaji ya shule: sare, madaftari, nauli. Masika yakikaribia, mtu anataka mbegu. Baada ya mavuno huanza kuingia kadi za michango ya harusi. Desemba ukoo mzima hurudi nyumbani kula Krismasi, na mzee ndiye anayetazamwa. Anayetoa bila kipimo huishia kuwa ombaomba; anayefunga mlango huishia kuwa mpweke. Njia iliyo katikati ya hayo mawili iko wapi?

Wengi hudhani kwamba mpaka na upendo havikai nyumba moja. Mimi nimezeekea hapa Holili, kwenye mpaka wa nchi mbili, nami naona sivyo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, wala haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kwa watu wa Holili na Taveta, wenye ndugu na biashara pande zote mbili, ile ilikuwa miaka ya ukuta. Kisha mwaka 2016 kikazinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani. Sasa anayekwenda Kenya humalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Taveta, na anayekuja Tanzania humalizana nao upande wa Holili. Mpaka haukuondolewa. Kila nchi ingali na sheria zake na ushuru wake. Kilichobadilika ni lango.

Hapo ndipo penye tofauti ya ukuta na mpaka. Ukuta humwambia mtu, "Sikutaki." Mpaka humwambia, "Hapa ndipo pangu. Ukitaka kuingia, pita pale."

Wazee wetu wa Uchagani walilijua jambo hili kabla ya ofisi za forodha. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, aghalabu huzungushiwa isale, mmea wenye majani marefu ya kijani. Isale likisimama, jirani anajua mwisho wa kwake na mwanzo wa kwako. Lakini isale hilohilo ndilo jani la msamaha. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba suluhu, na kulikataa si jambo dogo. Sijui kama waliopanga hivyo walikusudia kufundisha falsafa, lakini somo limo ndani yake: kinachotutenganisha na kinachotupatanisha vimechumwa katika mmea mmoja. Ndugu wasiojua mipaka yao hugombana daima. Na wenye mipaka wasiojua kupatana nao hawana ujirani.

Methali ya Waswahili husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengine huisoma kama maneno ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Tuitazame upya. Jembe si fimbo. Kwa siku mbili mgeni alikuwa mtu wa nje anayehudumiwa. Siku ya tatu anapewa chombo kilekile wanachotumia watoto wa nyumba. Kwa hiyo anawekewa mpaka na papo hapo anafanywa mwenyeji. Tena mpaka wenyewe umewekwa katika siku, haukuwekwa mlangoni. Wahenga hawakusema mgeni asipokewe. Walisema ukarimu nao una majira yake.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alifundisha kwamba wema hukaa kati ya kuzidi na kupungua: mkarimu yuko kati ya mfujaji na bahili. Lakini aliongeza jambo ambalo wanafunzi husahau. Kiasi si nusu kwa nusu kama mtu akatavyo muwa. Chakula kinachomfaa Milo, bingwa wa mieleka, ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Kiasi hutegemea mtu, wakati na nguvu alizo nazo. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mlango wangu ulikuwa wazi tangu alfajiri hadi usiku, na hiyo ilikuwa haki, maana nilikuwa katika masika yangu. Leo niko katika kiangazi. Mtungi wa kiangazi hauchotwi kama ule wa masika, hata kama kiu ya wachotaji ni ileile.

Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa marehemu kaka yangu alinijia mwezi wa Machi, mawingu yakianza kujikusanya. "Baba mdogo," alisema, "naomba hati ya shamba lako niiweke dhamana benki, nipate mkopo wa biashara ya mahindi." Nilimjibu, "Mwanangu, hati siitoi. Shamba hilo ndilo linalonilisha mimi na mama yako mdogo, na hatuna tena nguvu za kuanza upya. Lakini nikivuna nitakupa magunia matano uanzie biashara. Na wanao waje jioni niwafundishe hesabu."

Watoto walikuja. Magunia aliyachukua. Yeye mwenyewe hakukanyaga uani kwangu kwa misimu miwili, na kwenye vikao vya ukoo aliketi mbali nami. Siku hizi tunasalimiana, lakini salamu ina ubaridi ambao haukuwapo zamani, na ubaridi huo unaniuma.

Nasimulia haya kwa sababu wapo washauri wanaosema kwamba ukiweka mpaka kwa upole kila mtu atakuelewa. Si kweli. Mpaka una bei, na aliyeuweka ndiye hulipa kwanza. Basi tusijiulize kama ndugu atanuna, kwani aweza kunung'unikia hata haki. Tujiulize mambo mawili: je, nilichokilinda kilistahili kulindwa? Na je, nilimwachia lango? Mkono ulioizuia hati ndio uliotoa mahindi. Lango lipo, nalo halijafungwa.

Mfano mkubwa wa jambo hili Watanzania tunao. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, alitupa neno kung'atuka kutoka Kizanaki, lugha ya kwao. Mwaka 1990 aliacha pia uenyekiti wa chama. Alirudi Butiama, lakini hakujifungia: hadi alipofariki mwaka 1999 alikuwa akisuluhisha mgogoro wa Burundi. Alijua lipi si lake tena, na lipi bado ni lake.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, sikushauri uweke mpaka mmoja wa maisha. Mkulima wa tambarare hii hujua kwamba mvua za siku hizi hazifuati kalenda kama zamani. Hapandi kwa tarehe peke yake, huitazama mbingu na kuushika udongo. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kila majira yanapogeuka, kabla maombi hayajaanza kuja, kaa chini ujiulize: mwaka huu nina nini ghalani, nina nguvu kiasi gani mwilini, ni nani asiye na mwingine ila mimi? Ukishapata jibu, waambie watu wako mapema, kwa sauti ya kawaida, wakati hakuna aliyekasirika. "Basi" inayosemwa mapema ni taarifa. Ikingoja hadi mtu amechoka, hutoka kama tusi.