Jisu Lililopinda

Chama cha wahunzi wa visu cha Marekani kiitwacho American Bladesmith Society, kilichoasisiwa mwaka 1976 na William F. Moran pamoja na wenziwe, kina mtihani ambao mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni mzaha. Mwanagenzi anayetaka kupanda daraja hufua jisu kubwa kwa mikono yake mwenyewe, jisu lisilokunjwa, ambalo ubapa wake hauzidi urefu wa inchi 10 wala upana wa inchi 2. Hulipeleka mbele ya fundi mkuu. Kwanza huikata kamba nene ya inchi 1 inayoning'inia bila ya kushikwa chini, kwa pigo moja tu. Kisha huutema ubao wa inchi 2 kwa 4 mpaka uachane vipande, na kazi hiyo huifanya mara mbili. Baada ya hapo, sehemu ile ile ya makali iliyotema ubao haina budi iweze kunyoa vinyweleo vya mkono. Mwisho, jisu hilo lililofaulu katika kila jambo hubanwa ncha yake kwenye jiliwa, likakazwa, na mwenyewe akalivuta mpaka lipinde nyuzi 90. Likivunjika, ameanguka. Lisipovunjika, amefaulu, lakini jisu lenyewe limekwisha kazi.

Jambo hili lina ajabu yake. Jisu lililothibitika kuwa jema ndilo lisiloweza tena kumfaa mtu yeyote. Halitachinja, halitapasua kuni, halitaingia katika ala. Na majisu mengine yatakayouzwa na fundi yule, ambayo watu watayategemea porini, hayakupindwa hata kidogo. Basi ni kitu gani hasa kilichothibitishwa? Na kuna haki gani ya kukiharibu kitu chema ili ijulikane kwamba kilikuwa chema?

Swali la kwanza hujibiwa na tabia ya chuma chenyewe. Feleji ya kisu huchomwa mpaka ifikie joto la nyuzi 800 hivi, kisha huzamishwa ghafla katika mafuta. Hapo huwa ngumu kupita kiasi, na ugumu huo ni ugumu wa kigae: ukiiangusha sakafuni yaweza kukatika. Kwa sababu hiyo mhunzi huirudisha katika moto mdogo, kiasi cha nyuzi 200, akaiacha humo muda wa saa moja au mbili, ili ipoteze sehemu ya ugumu wake na ipate ustahimilivu. Chuma kilicho kigumu hushika makali muda mrefu, lakini huvunjika. Chuma kilicho laini hakivunjiki, lakini makali yake hufa upesi. Hekima yote ya uhunzi wa visu imo katika kupatanisha mambo haya mawili yasiyopendana, na mafundi wengi hufanya makali yawe magumu na mgongo uwe laini, ili kila upande ubebe mzigo unaouweza.

Tatizo ni kwamba mapatano hayo hayaonekani kwa macho. Majisu mawili yaliyong'arishwa vizuri yaweza kufanana kama ndugu pacha, na moja likawa zima na jingine likawa limebeba kasoro moyoni. Iko mashine ya Rockwell, ambayo hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1919. Mashine hiyo hukididimiza kidude chenye ncha ya almasi juu ya chuma na kupima kina cha alama inayobaki. Huharibu kidogo sana, na husema kweli. Ila husema kweli moja tu, nayo ni habari ya ugumu. Ustahimilivu wa jisu zima, tangu makali hadi mgongoni, haujulikani mpaka litiwe katika shida yenyewe.

Kwa hiyo jisu hupindwa. Lakini tazama kinachofuata. Mwanagenzi aliyefaulu hutakiwa kuleta mbele ya jopo la waamuzi majisu mengine matano yaliyokamilika. Hayo hayapindwi. Hutazamwa, hushikwa, mistari yake ikachunguzwa, na mpini ukapimwa ulivyokaa juu ya chuma. Waamuzi huyaamini kwa sababu ya lile la kwanza lililokufa. Hapo ndipo lilipo jibu: kilichotiwa katika jiliwa kilikuwa chuma, lakini kilichofanya mtihani ni mkono. Mkono uliofua jisu lile haukupinda. Umerudi nyumbani ukiwa mzima, umebeba maarifa ya moto na mafuta, nao ndio utakaofua la pili na la kumi. Kama maarifa hayo yangekuwa ndani ya jisu, yangepotea pamoja nalo, na mtihani ungekuwa upuuzi mtupu.

Mtu mwenye shaka aweza kusema kwamba mkono nao huchoka, na kwamba fundi aliyefaulu mwaka huu aweza kukosea mwaka ujao. Ni kweli. Hakuna mtihani unaoondoa haja ya kuamini. Hufanya tu kuamini kuwe na msingi. Mnunuzi wa jisu hana dhamana iliyo kamili. Alicho nacho ni sababu njema, na maisha ya watu yote huendeshwa kwa sababu njema.

Katika mtihani huu pana sifa nyingine, nayo ni ya kimaadili. Anayelipa gharama ni yule anayetaka kuaminiwa. Kaa ni lake, siku alizotumia ni zake, jisu ni lake, na mkono unaolivuta mpaka lipinde ni wake. Hakuna mtu mwingine aliyepungukiwa. Si kila mahali ambapo desturi ya kujaribu makali imekuwa hivyo. Huko Japani, katika zama za Edo zilizoanza mwaka 1603 na kumalizika mwaka 1868, panga za thamani zilijaribiwa juu ya maiti za watu waliokatwa vichwa kwa hukumu. Ukoo wa Yamada Asaemon ulishika kazi hiyo kwa vizazi kadhaa, na matokeo yake yalichorwa, mara nyingine kwa dhahabu, juu ya msuka wa upanga, yaani ile sehemu ya chuma inayofichika ndani ya mpini: mtihani umefanywa na fulani, upanga umepita katika miili kadhaa. Baada ya kuanguka kwa utawala wa zama hizo desturi hiyo ilipigwa marufuku.

Panga hizo zimo katika majumba ya makumbusho hata leo, nazo ni nzuri kupita maelezo. Lakini mtu akifunua mpini na kuyasoma maandishi yale, uzuri huo humkaa vibaya. Upanga haukuharibika katika mtihani wake. Kilichotumiwa kikaharibiwa ni mwili wa binadamu asiyekuwa na kauli. Mhukumiwa alikuwa amekwisha kutoa maisha yake kwa kosa lake. Hapana sheria ya haki inayoweza kusema kwamba alikuwa pia na deni la kuthibitisha ubora wa silaha ya bwana mmoja. Mtihani ulikuwa wa kweli, matokeo yalikuwa ya kweli, na bado ulikuwa dhuluma, kwa kuwa gharama yake ilitwikwa mtu ambaye hakuwa akitafuta kuaminiwa na yeyote.

Zama hizi majisu makubwa ya kambini yana wajaribu wengi. Mtu hununua jisu jipya, unene wa mgongo milimita 5 au 6, msuka ukiwa umepita mpaka mwisho wa mpini, akalipeleka msituni. Hulisimamisha juu ya gogo na kulipiga mgongoni kwa rungu ili lipasue kuni. Hulitumia kukwanyua magome. Hulinoa na kulitazama tena. Hadi hapo hakuna la kulaumiwa, kwa sababu ndiyo kazi ambayo jisu hilo limeumbiwa. Lakini wako wasiotosheka. Hulipiga kwa nyundo ya chuma, hulitemea matofali ya saruji, hulichomeka katika ufa wa mti na kulisimamia kwa uzito wa mwili wote, mpaka kitu kikatike. Kikikatika, hutangaza kwamba jisu ni bovu.

Wana hoja, nayo isidharauliwe. Husema kwamba shida haiji kwa mipaka. Aliyepotea porini usiku wa mvua, mkono umevimba na kuni zimelowa, hatalitumia jisu lake kwa adabu, atalitumia atakavyoweza. Ni heri basi mmoja avunje lake mapema, ili mia wajue ukomo ulipo. Kwa anayevunja lake mwenyewe kwa nia hiyo, hakuna aliyedhulumiwa, na manufaa yapo. Kosa lake huja pale anapobadilisha swali. Kila kitu kilichoumbwa kina ukomo, na kuufikia ukomo si ushahidi wa ubovu. Jisu lililovunjwa kwa saruji limetoa ushahidi juu ya saruji. Mwamuzi aliyeuliza jambo ambalo jisu halikuahidi, kisha akalihukumu kwa kutolitimiza, amemhukumu pia fundi kwa ahadi ambayo hakuitoa.

Ikiwa mambo yangekoma kwenye chuma, pengine yasingestahili maneno mengi. Lakini binadamu ana tabia ya kuyachukua mazoea ya karakana na kuyaingiza nyumbani. Wahenga wa pwani walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na methali hiyo imetumiwa na wengi kama ruhusa ya kuwajaribu wenzao. Tajiri huacha fedha mezani kwa makusudi na kujificha nyuma ya pazia, amtazame mtumishi wa nyumba. Mchumba hutuma mtu wa kumtongoza mchumba wake. Rafiki hujifanya amefilisika ili ajue nani atabaki. Wote hudhani wanafanya alichofanya mhunzi: wanapinda ili wajue.

Ukweli ni kwamba wanafanya kinyume chake kwa kila upande. Mhunzi hugharimia mtihani kwa sababu yeye ndiye anayeomba kuaminiwa. Tajiri ndiye anayetaka kuamini, na gharama humbebesha mwingine bila ya kumwambia. Mhunzi ana jisu la pili, na mkono uliobaki mzima. Mtumishi hana nafsi ya pili itakayotumika baada ya ile ya kwanza kuvunjwa. Na akichukua zile fedha siku ambayo mwanawe yu mgonjwa, kitu gani kimejulikana? Kimejulikana kiasi ambacho mtu yule, siku ile, hakuweza kukistahimili. Ni elimu ya saruji. Asipozichukua, tajiri hatapumzika pia, maana atajiuliza kama zingekuwa maradufu ingekuwaje, na kesho ataweka nyingi zaidi. Na siku mtumishi atakapogundua kwamba zilikuwa mtego, uaminifu uliokuwa mzima utakuwa umepindwa na yule yule aliyekuwa akiutafuta.

Methali haina lawama katika hayo. Yenyewe inataja dhiki, na dhiki huja bila ya kuundwa. Haikusema mtu amtengenezee mwenzake shida ili ampime. Imesema kwamba maisha yatakapoleta yake, macho yawe wazi. Kabla ya hapo ziko njia nyingine za kumjua mtu, nazo ni zile zile za kulijua jisu analolitumia mkulima kila siku: kufanya naye kazi aliyoiahidi, kumwongezea mzigo kidogo kidogo, kumpa muda, na kumrudishia makali pale yanapofifia badala ya kumlaumu kwa kufifia. Huo nao ni mtihani. Ni wa polepole, hautoi hukumu ya siku moja, lakini kila mwaka unaopita anayejaribiwa na anayejaribu huwa wamepata kitu.

Wala pasiwepo anayedai kwamba njia hiyo haina hatari. Mwenye kuamini kwa namna hiyo aweza kusalitiwa, na atakuwa hana cheti cha jiliwa cha kumwonyesha mtu. Lakini hatari hiyo ni yake mwenyewe, ameibeba kwa hiari, kama mhunzi anavyobeba hasara ya feleji yake. Nani anayelipa, na nini kinachobaki baada ya kulipa: hayo mawili ndiyo yanayotofautisha mtihani na uharibifu, kwa chuma na kwa watu.

Jisu lililopinda halinyooshwi likawa kama lilivyokuwa. Mhunzi analijua hilo kabla ya kulikaza katika jiliwa, na ndiyo maana huchagua mwenyewe lipi litakalopindwa, akayaweka mengine kando, mazima, yakingoja wenyewe.